Casimir Ngosa na Tumbo ya Mukubwa

Siku ya posho, ile bengine banaita Jumamosi, tarehe 11 ya mwezi wa kenda 1982, nyuma ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa, wakati kila muntu atakuwa amekwisha kunawa vumbi ya kufagia barabara, Citoyen Casimir Ngosa ataacha kazi mu gazeti yetu ya picha, Kacheko. Amefanya miaka kumi na ine. Mu miaka ile hakukosa hata numero moja, hakuomba ruhusa ya kuugua, na hakuchora hata mara moja muntu akatoka muzuri kuliko vile Mungu alimuumba. Hii njo sifa yake ya kwanza.

Miye Edith Mulenga, muuza samaki ya kukauka ku soko ya Naviundu, mwenye bote banaita Kambo sawa mama ya mama yao, ninasema. Agnès, mwalimu, mwenye kuandika maneno mu Kacheko, anaandika. Miye sikuingia kalasi hata siku moja, na Agnès alitaka kutosha maneno yangu makali, ayafute. Nimemukataza. Wewe mwenye kushika hii karatasi ku sherehe, ukimaliza kuisoma, uifungie samaki, sawa vile tulifanya na zote. Haiko ya kupeleka ku bureau ya muntu.

Kuna ulizo moja bantu ba Naviundu banauliza tangu Pasaka, hata mwanamuke wa makala ananishika kikwembe kwa ajili ya ile: Citoyen Tumbo atakufa? Kila musomaji anamujua Tumbo, ule mukubwa wa mutaa mwenye tumbo ya kutangulia mu kila picha. Casimir alisema wazi kama akiondoka, anaondoka na Tumbo, na numero ya mwisho itakuwa ya kumuzika. Jibu iko, na tutaifikia. Lakini huwezi kusifu muntu kuanzia ku miguu. Tuanze na kichwa.

Kichwa ya Casimir iko sawa mbabula, jiko ya makala, ya kupinduka. Alikuya nayo kutoka Kasenga mu mwaka wa 1968, kijana wa shingo murefu, na kampani ya shaba ikamuweka mu bureau ya kuchora. Mchana muzima alichora pompe, mabomba na misumari ya kukaza. Bakubwa ba kazi balimupenda, ju mabomba yake yalikuwa kweli mabomba. Magaribi alikuya ku meza yangu kununua samaki, na pale njo alianza kuharibika.

Siku moja nilikuwa nafunga samaki mu karatasi ya mufuko ya simenti. Mwanamuke mumoja alisimama pale analalamika: samaki hii mudogo, ile mukavu, ile inamuangalia mubaya. Casimir akatosha kalamu, akachora pa karatasi yangu bila kuomba: mwanamuke na samaki, uso moja, mudomo moja, banalalamikiana. Mwanamuke akaona. Alafu akacheka mpaka kikwembe ikafunguka. Alichukua karatasi kwanza, samaki nyuma.

Kesho yake bantu bakakuya kuomba samaki yenye picha. Samaki bila picha balikataa, balisema imelala. Njo vile Kacheko ilizaliwa. Hakuna muntu alikaa chini akaifikiria.

Nyuma kidogo Liévin Kunda akaongezeka. Liévin alikuwa anachora bibao bya banyozi, na kibao ya munyozi inaomba kichwa tu. Njo maana mpaka leo hajui kuchora mikono. Bantu yake bote banatia mikono mu mufuko. Alichora harusi mu Kacheko: bwana mikono mu mufuko, bibi mikono mu mufuko, padri mikono mu mufuko, na pete inasimama peke yake mu hewa. Bantu balifikiri ni muujiza. Balituletea bagonjwa.

Bureau yetu ilikuwa nyuma ya meza yangu, katikati ya mizigo ya samaki. Harufu ilikuwa mulinzi wetu. Mukubwa yeyote mwenye kutaka kutafuta karatasi za siri alifika mpaka ku muzigo ya kwanza, akakumbuka kama iko na kazi fasi ingine.

Sheria ya kazi ilikuwa moja. Mbele ukurasa haijaenda ku ronéo, mashini ya kutoa makaratasi mingi, inapita kwangu. Agnès anafunika maneno na mukono, miye naangalia picha tu, ju bantu mingi ba soko hawasomi sawa vile miye sisomi. Nikicheka, inapita. Nikiuliza "huyu ni nani?", inarudi. Casimir alipenda hii sheria. Alisema picha yenye kungojea maneno kuja kuisaidia iko sawa mwanaume mwenye kwenda kuposa na mama yake.

Lakini ku siku ya kwanza niliangalia ukurasa sawa vile naangalia kikwembe, kutoka juu mpaka chini, alafu narudia juu upande ingine. Casimir alikuwa amechora picha ine, mbili juu na mbili chini, kwa kwenda pembeni, sawa bantu ba kalasi. Kwake mwizi anaona kuku, anaichukua, anapigwa, anaanguka analala. Kwangu mwizi aliona kuku, akapigwa, alafu akapata kuku, akajilalia. Nikasema:

"Hii iko ya haki kabisa. Bamemupiga bure, bamemulipa kuku, sasa anapumzika."

Liévin alianguka pa mizigo. Agnès alilia machozi. Casimir peke yake hakucheka. Alishika ukurasa, akaiangalia kwa kushuka, akaiangalia kwa pembeni, akasema: "Yako iko muzuri kupita yangu, Kambo." Tangu pale alichora kurasa zake zisomwe njia yote mbili. Mu mutaa bamama baliona hadithi moja, batoto ba kalasi baliona ingine, na jioni balipigana mu nyumba kwa kujua nani amedanganywa.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tulikaa pale kula na kubishana. Bachoraji wakikaa pamoja hawazungumzi kazi, banazungumza ukubwa ya kazi. Liévin ndiye alianza kila mara.

"Siye tuko bafanyakazi, ao tuko bavivu benye kalamu?"

"Mufanyakazi iko na chef, mukubwa wake, wa kumulaumu," Casimir alijibu. "Siye tuko na Kambo."

"Sasa culture?" Agnès akauliza. Agnès anapenda maneno ya kupanda ngazi. "Siku moja bantu batauliza, pale Lubumbashi culture yao ilikuwa nini? Tutajibu nini?"

"Tutajibu ilinuka samaki."

"Batatuweka mu musée, mu nyumba ya bintu bya zamani," Liévin akasema, na macho ikaangalia mbali.

"Wewe batakuweka wapi?" nikamuuliza. "Jifunze kwanza kuchora mikono, mwanangu. Bageni bakifika mu musée utabasalimia na nini?"

Alikanda bukari, ugali yetu, macho mu sahani, mpaka ikaisha. Casimir alimugawia kipande yake ya samaki, ile ya kichwa, yenye mwenyewe anapenda. Vile njo Casimir iko. Anakucheka na mudomo, mukono inakupa chakula.

Sasa Tumbo. Mu mwaka wa 1972, wakati majina ya ubatizo yalikatazwa, na kravati ya kufunga shingoni ikakatazwa, na siye bote tukaitwa citoyen, ni kusema raia, parti, chama ya serikali, iliweka mu mutaa wetu mwenyekiti mupya, Citoyen Chola. Citoyen Chola aliomba jina yake isiandikwe hapa. Imeandikwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukuya ku meza yangu.

"Kambo, nasikia ungali unaita ule muntu Casimir. Hakuna Casimir tena. Iko Ngosa."

"Nikiita Ngosa, nusu ya soko inageuka."

"Basi muite citoyen."

Nikafungua kinywa yote. "Citoyeeen!" Soko muzima ikageuka, hata mbuzi moja. "Unaona?" nikamuambia. Aliondoka, lakini tumbo yake ilikawia kugeuka, na Casimir, nyuma ya mizigo, aliona kila kitu.

Ukurasa ya kwanza ya Tumbo ilikuwa ya salongo. Picha ya kwanza, bantu banafagia na tumbo inatokea pa kona ya barabara. Picha ya pili, tumbo ingali inatokea. Picha ya tatu, ingali. Picha ya ine, mwenyewe anafika, na ufagio ya kadiri ya kijiko ya chai, na bantu bamekwisha kwenda kulala. Nilicheka mpaka nikamwanga ndakala, zile samaki mudogo, kilo muzima. Ukurasa ilipita mbele hata Agnès hajatosha mukono pa maneno.

Mutaa muzima ilijua Tumbo ni nani. Mwenyewe tu hakujua. Alipita mu barabara bantu banacheka, akapungia mukono. Aliambia bibi yake kama bantu ba Naviundu banamupenda sana.

Angekuwa hajui mpaka leo kama siyo Liévin. Ronéo tuliazima ku paroisse moja. Jina yake sitaji, na padri wake hakujua kitu. Ku siku ya posho mashini ilitoa nyimbo za misa, nyuma yake ikatoa Kacheko, na Liévin ndiye alipanga makaratasi. Liévin akachanganya.

Siku ya Mungu bantu bakafungua makaratasi kuimba wimbo wa kuingia. Fasi ya wimbo, Tumbo alikuwa anakaa pa choo, abacost, koti ya parti ya bila kravati, imefungwa mpaka shingoni, na chini yake ncha ya kravati inachungulia. Upande ya banaume bakaanza kukohoa. Upande ya bamama bakatia bitambaa mu kinywa. Lakini muimbishaji wetu alikuwa muzee, macho yake ya shida, na alizoea kuimba kile kimeandikwa. Agnès alikuwa ameandika kando ya kichwa ya Tumbo: "Haitoki! Haitoki!" Muzee akakaza sauti, akainua mikono: "Haitokiii!" Na kanisa muzima, sawa bakristu bazuri, bakaitikia sauti tatu.

Mbele kabisa, pa benchi ya bakubwa, Citoyen Chola alishika karatasi yake. Akaangalia tumbo ya karatasi. Akaangalia yake. Akaangalia tena ya karatasi.

Hakungojea baraka. Alikuya ku soko moja kwa moja, uso mwekundu sawa pilipili, na mara hii harufu haikumusimamisha. Aliruka mizigo. Tulikuwa tunakula. Akapiga karatasi pa meza.

"Nani anachora?"

Liévin alitia mikono mu mufuko. Casimir akasimama, akapangusa vidole.

"Miye, citoyen."

"Leo unalala mu buloko. Kesho unalala pale. Kesho kutwa nitakuya kukuangalia, alafu unaendelea kulala."

Hatukucheka. Muntu alikuwa anaingia mu buloko, mu gereza, wakati ule kwa kitu kidogo kuliko tumbo. Miye nilishika kisu ya samaki, sijui kwa kufanya nini, na Agnès akanikanyaga muguu.

"Kijiji?" Chola akauliza.

"Kasenga."

"Ukoo ya mama?"

"Uyoga."

Chola akasogeza sikio. "Umesema?"

"Uyoga, citoyen. Mama yangu, na mama ya mama yangu."

Bamama ba soko balikuwa bamekwisha kukusanyika, na moja akapiga makofi: "Mama weee! Na Chola ni Mvua!" Basi kicheko ikaanza pale kwa maboga ikafika mpaka kwa bauza mafuta.

Kwa batoto bamezaliwa mu mujini, naeleza. Kwetu ukoo ya Mvua na ukoo ya Uyoga beko batani tangu bankambo. Mvua anatukana Uyoga, Uyoga anatukana Mvua, ku harusi, ku kilio, mbele ya bakwe, na hakuna mwenye kukasirika. Mwenye kukasirika kwa mutani wake amejivua ukoo, na siku yake ya kufa hakuna wa kumubeba. Kumutia mutani mu buloko kwa ajili ya muzaha? Hata parti haina karatasi ya kurekebisha ile aibu.

Chola alisimama pale, kasirani yake inatafuta mulango ya kutokea. Mwisho akasema kwa nguvu:

"We kintu ya kuota pa mavi ya ngombe!"

"Ndiyo, baba Mvua," Casimir akajibu. "Na ni wewe uliyanyeshea. Lakini unyeshe polepole, mutaa unazama."

"Mujibu!" bamama bakalia. "Chola, mujibu! Amekuchora, mujibu na picha!"

Akanyang'anya kalamu. Akakaa pa muzigo ya samaki, ulimi inje, akachora Casimir. Jasho ilimwangika pa karatasi. Wakati alimaliza, bakaniletea. Kichwa ilikuwa mbabula, moshi inatoka. Miguu ilianzia ku masikio. Pembeni kulikuwa uyoga tatu, na baadaye alieleza kama ile ni mikono. Nilianguka. Balinitosha katikati ya samaki banaume babili.

"Inapita," nikasema.

Casimir alishika ukurasa muda murefu. "Ni mubaya sana," akasema na heshima. "Sijaona mubaya ya vile. Tuiweke pa mbele."

Ile numero iliisha mbele jua haijapanda. Na tangu siku ile kila mwezi Chola alileta ukurasa yake, iliyofichwa chini ya abacost. Mbele ya bakubwa bake alitufukuza na makelele: "Nitabakamata bote, bachafuzi ba mutaa!" Alafu alizunguka mizigo na kuuliza na sauti ya bibi-arusi kama fasi yake ingali iko. Aliambia kila muntu kama ile haiko politiki, ni utani. Njo vile Casimir alifanya kazi miaka yote: mwenye kumukamata alikuwa musaidizi wake, na musaidizi mubaya.

Kwa mafanikio ya Casimir nataja moja tu, ju sherehe iko na munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, na munkoyo haingojei. Badereva ba malori balipeleka Kacheko mpaka Kasumbalesa. Pale ku mupaka malori yanakaa pa mustari siku na siku, na bantu hawana kitu ya kufanya. Balipitishana Tumbo kutoka lori ya kwanza mpaka ya mwisho, na baduane, bantu ba ushuru, ba upande ya Zambia, wasiojua neno moja ya Kiswahili yetu, balicheka mpaka bakasahau kufungua mizigo. Casimir akisikia ile alisema, "Basi Kambo iko mu kila inchi." Ile ilinigusa, sitaki kuizungumza.

Mu mwezi wa tatu mwaka huu mujomba ya Casimir alikufa kule Kasenga. Ule mujomba njo alimulea. Alimununulia kalamu ya kwanza. Familia ikakaa, ikasema jina ya mujomba ishikwe na Casimir. Dada yake mukubwa, Marie-Thérèse, akapanda lori ya samaki akakuya kumuambia. Marie-Thérèse ni mwanamuke wa kunyooka. Hata kiti hakiegemei.

"Mwenye jina ya mujomba anakaa na bazee, anapatanisha bantu," akamuambia mbele yetu. "Mujomba hakucheka hata siku alianguka mu mutumbwi. Wewe unachora bantu pa choo. Kwanza uzike ule muntu wako ya tumbo. Umuzike kabisa, dada yako aone."

"Nitamuzika," Casimir akasema.

Hakuna muntu alimulazimisha. Nilimuona. Alikuwa anamupenda ule mujomba.

Basi akachora ukurasa ya mwisho. Alichukua siku mingi, na hakuimba wakati anachora, yeye mwenye kuimba mpaka samaki bananyooka. Juma ya kupita akaniletea, wino ingali maji, Marie-Thérèse amerudi kuona. Tumbo mu sanduku, mufuniko haifungi, bantu ba mutaa banakaa juu ya mufuniko. Ilikuwa muzuri. Niliangalia kwa kushuka, nikaangalia kwa pembeni, njia yote mbili alikuwa amekufa. Sikucheka. Miye mwenye kumujua Tumbo kuliko najua batoto bangu bengine, nilimuangalia Casimir na nikauliza:

"Huyu ni nani?"

"Kambo, mara hii haitarudi," akasema. Macho yake ilikuwa mubaya. Liévin alitosha mikono mu mufuko, mara ya kwanza, akafunika uso. Hata Marie-Thérèse aliangalia chini. Sitaficha: nilitukana Kasenga yote, mto na samaki zake, na zile samaki zinanilisha.

Njo Chola akafika, anahema. Nani alimuambia sijui. Soko haina mulango.

"Kuna kilio hapa na miye sikuitwa?" akasema. Alipita siye bote, akasimama mbele ya Marie-Thérèse. "Mama, wewe ni Uyoga, unajua desturi. Nani anazika Uyoga bila Mvua?"

"Ile ni karatasi," Marie-Thérèse akasema.

"Ametoka mu mukono ya Uyoga. Ni maiti ya Uyoga. Na miye ni mutani."

"Rudi ku bureau yako, baba."

Hakurudi. Kwetu mutani ku mazishi iko na haki ya kulala mu kaburi, na hakuna udongo inaingia mpaka familia imupe chenye anaomba. Chola alivua kofia, akapanda pa meza yangu ya samaki, akalala kifudifudi juu ya ukurasa. Meza ikalia. Muguu moja ya meza ikatazama upande ingine.

"Shuka, utaniua meza!" nikamuambia.

"Sishuki. Hii maiti haizikwi mpaka nipate changu."

"Unataka nini?" Marie-Thérèse akauliza. "Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Kikwembe?"

"Inanitosha wapi?" Alisema vile uso umelala pa samaki. "Nataka kalamu ya Casimir. Na Tumbo. Ule ni tumbo yangu, nimeilisha miye, hamuwezi kuizika na miye niko ndani."

Kila mama wa meza za karibu aliangalia Marie-Thérèse. Yeye alikaza uso, kweli alikaza, uso ya mujomba ku mutumbwi. Alafu pembe moja ya mudomo ikamuponyoka. Akaishika na mukono. Ingine ikaponyoka. Akakaa chini pa muzigo ya samaki, mwanamuke asiyeegemea hata kiti, akacheka miguu inapiga udongo, na alicheka sawa sawa Casimir, sauti ile ile ya bata.

"Mupe," akasema akipangusa macho. "Mupe huyu mujinga kalamu mbele hajavunja meza ya mama ya bantu. Kile mutani amechukua si cha Uyoga tena. Tumbo ni ya Mvua. Wewe, Casimir, mikono yako imekuwa safi, twende nyumbani."

Casimir alimupa kalamu na mikono mbili, sawa vile tunapatia mukubwa. Wakati Chola aliinuka, ukurasa ilibaki doa nyeusi tupu. Wino yote ilikuwa imehamia pa abacost yake. Alisimama mbele yetu na sanduku, na mufuniko, na Tumbo ya kufa pa tumbo ya uzima, na mazishi ikaishia pale. Liévin aliuliza kama tunaweza kumupitisha Chola mu ronéo.

Basi hii njo jibu, na mwanamuke wa makala aachilie kikwembe yangu. Tumbo anaishi.

Casimir, Agnès anakushukuru kwa kumufundisha kuandika mafupi. Liévin anakushukuru kwa mukono moja ulimufundisha kuchora, ya kushoto, na anaahidi ya kuume itafuata. Mutaa inakushukuru ju wakati bantu balikuwa na sababu ya kunyamaza uliwapatia sababu ya kukohoa mu kanisa. Miye sikushukuru, ju muntu hashukuru mutoto wake. Ninakuambia tu, ule bukari uliacha kula tangu mwezi wa tatu, leo uimalize mbele yangu.

Ukae muzuri pale Kasenga. Maji ikupende, wavu yako ipande nzito, bantu benye kugombana bakukute umekula, na ukishika jina ya mujomba uishike na mikono mbili, lakini ukianguka mu mutumbwi, tafazali, ucheke.

Kwa Tumbo usiwe na wasiwasi. Chola ameleta ukurasa yake ya kwanza. Amejichora mwembamba sawa bomba, na misuli, na nywele mingi. Nimemurudishia. Ameleta ingine, tumbo imetoka kadiri ya embe. Nimemurudishia. Leo asubuhi imefika kadiri ya boga, na analia anasema inatosha. Haitoshi. Wende na amani, mwanangu. Siye huku tunainenepesha.